Geti Lililopima Vifua

Nitaanza na kosa langu, nisije nikalizungushazungusha. Niliandika S mbele ya mtu ambaye hata mama yake mzazi angemwandikia XL. Niliandika kwa kalamu ya wino, tena nikapita juu ya hiyo herufi mara mbili ili isisomeke vingine.

Ilikuwa likizo ya Agosti 2008. Nilikuwa kidato cha tatu, na nilikuwa msichana wa kuvuka barabara nikiona mtu ninayemfahamu anakuja. Si kwa kiburi. Sikujua tu mtu anafaa kusalimiwa akiwa umbali gani. Ukisalimu mapema unapiga kelele kama kondakta. Ukichelewa mmeshapitana na unabaki ukisalimu mgongo. Basi nilivuka. Rhonda, mtaa wetu wa Nakuru, ina watu wengi, kwa hivyo nilivuka sana, na yale niliyoshindwa kuyasema mchana niliyaandika kwenye daftari la hesabu nililolificha chini ya godoro.

Mama alikuwa anafanya kazi ya barabara. Alianza kwa kubeba kokoto, kisha akawa wa kushika bendera, nyekundu ya kusimamisha magari na kijani ya kuyaruhusu. Mwezi huo nyapara wao alipata kazi kwingine akaondoka bila hata kuaga, na kontrakta akampa Mama nafasi hiyo kwa majaribio. Mwanamke kuwa nyapara wa kundi la kuchimba mitaro! Walikuwa wanaume kumi na wanawake watatu, na yeye wa kumi na nne. Kazi ilikuwa huko juu Molo, mtaro wa kando ya barabara, lori likiwachukua Rhonda alfajiri na kuwarudisha jioni.

Kontrakta alimpa sharti moja. Injinia wa kukagua angekuja Jumatano asubuhi, na amkute kila mtu amevaa reflekta, ile jaketi ya chungwa isiyo na mikono, yenye mistari inayowaka taa za gari zikiipiga. Tena iwe inamtosha, imefungwa mbele, isining'inie kama nguo kwenye kamba. Akipatikana hata mmoja bila, atatafutwa nyapara mwingine.

"Mmoja tu," Mama alisema akivua gambuti mlangoni. "Na usidhani watanirudisha kwa bendera. Bendera wameshampa mtu. Ni nyumbani moja kwa moja."

Sikuwa nimewahi kumwona akitaka kitu kiasi hicho. Alikuwa ameanza kutembea kinyapara hata ndani ya nyumba, mikono nyuma, hatua nne kufika kitandani na hatua nne kurudi kwenye jiko.

Orodha ya saizi ilitakiwa iandikwe, ipelekwe katika duka moja la mjini. Mama aliniachia mimi. "Mimi najua mtu mnono na mtu mwembamba," alisema. "Hizo herufi zingine ni zako, wewe ndiye uko sekondari." Akaazima futi ya kupimia kwa fundi wa nguo wa chumba cha pili. "Jumapili watakuja hapa kwa mkutano. Uwapime kifua, mmoja mmoja, uandike. Na usiulize mtu jina la tatu."

Hilo la mwisho nililielewa. Tangu mambo ya Januari, yale mapigano ya baada ya uchaguzi, watu wa mtaa wetu hawakupenda kumwona mtu na daftari akiandika majina. Jina la tatu ndilo lililokuwa likisema mtu ametoka wapi, na mwanzoni mwa mwaka ndilo lililokuwa likiulizwa milangoni. Hata kwenye kundi la Mama watu walikuwa wakiitana kwa kofia zao na kwa viatu vyao.

"Uliza kifua," Mama alisema. "Kifua hakina kabila."

Jumapili wakaja baada ya kanisa, wamevaa mashati ya kupigwa pasi, jua limewaka vizuri, wakakaa kwenye benchi uani. Wa kwanza kujitolea alikuwa mzee mmoja mwembamba aliyekuwa mkubwa kwao wote. Huyu kila tukikutana alikuwa ananisalimu na kujijibu mwenyewe. "Hujambo, mjukuu wangu? Sijambo, babu. Shule inaendaje? Inaenda vizuri, babu." Halafu anaenda zake, mazungumzo yamekwisha, hakuna aliyeumia. Nilimpenda sana.

Babu akasimama mbele yangu na kuinua mikono juu kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho shuleni hawafundishi: huwezi kumzungushia mtu futi kifuani bila kumkumbatia. Nikasogea. Nikarudi. Nikasogea tena, vidole vikalegea, futi ikaanguka na kujiviringisha mpaka chini ya benchi, miguuni mwa mwenye taulo.

Mwenye taulo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mpakiaji wa mawe, mabega kama kabati. Nilimwita hivyo kwenye daftari kwa sababu hakuvua taulo lake shingoni hata kanisani. Aliokota futi, akainyoosha, akaniangalia.

"Mathe," akamwambia Mama, "huyu msichana wako anatupima ama anatuogopa?"

Benchi ikacheka.

"Niaje, mrembo? Sasa?"

Nikamwangalia, halafu nikaangalia chini.

"Ah! Hana credit ya simu huyu. Mathe, si umnunulie hata ya bob ishirini aongee na watu?"

"Mwache mtoto wangu," Mama alisema, lakini na yeye alikuwa anacheka.

"Ngojeni, ngojeni. Ameniangalia halafu akaangalia chini. Hiyo ni kuflashi! Ameniflashi na macho! Sasa mimi nipige?"

Walicheka hadi benchi ikainuka upande mmoja. Nilichukua futi kutoka mkononi mwake bila kumgusa kidole, nikaingia nyumbani, uso ukiwaka, nikakaa mlangoni na sinia la maharagwe nikijifanya nachagua mawe. Mama akadhani nimeshamaliza kupima.

Sasa niwaeleze geti letu. Lilikuwa jembamba kuliko mageti yote ya Rhonda. Mwenye ploti tuliyopanga aliibiwa sofa zamani, akaapa kwamba hakuna sofa itakayotoka tena humo ndani, akajenga geti jipya la inchi kumi na tisa. Ni kweli, hakuna sofa iliyotoka. Wala hakuna iliyoingia. Za wapangaji zilipitishwa juu ya ukuta kwa kamba. Watu wa ploti tulikuwa tumezoea, kila mtu anajua apite kwa bega gani. Lakini wageni walipita kama Mungu alivyowaumba.

Pale mlangoni, nikiwa na hasira na maharagwe, nikaona wanaume wakitoka mmoja mmoja kwenda kuvuta sigara nje na kurudi. Mmoja akapita wima bila kugusa chuma. Mwingine akagusa kwa bega. Wa tatu akageuka akapita kwa ubavu kama kaa. Nikavuta daftari. Aliyepita bila kugusa, M. Aliyegusa bega, L. Aliyegeuka ubavu, XL. Wanawake watatu nao wakatoka kwenda kununua mandazi, nikawaandika wakienda na nikahakikisha wakirudi. Mama mwenyewe nikamwandika alipowasindikiza: aligusa, L. Hakuna aliyejua kwamba amepimwa. Nilijiona nina akili kuliko shule nzima.

Kulikuwa na wawili tu ambao sikuwatendea haki. Babu alipita katikati ya geti amebeba kiti ubavuni, na hata hicho kiti hakikugusa. Kwa haki alistahili S. Lakini alikuwa na kikohozi, na nilijua Molo kuna baridi, nikataka apate kitambaa kingi. Nikampa XXL. Ajabu ni kwamba kwa babu nilifikiria baridi. Kwa wale kumi na watatu waliobaki sikuifikiria hata kidogo.

Mwenye taulo alipita wa mwisho. Aligeuka ubavu, akavuta pumzi ndani, na bado kifungo cha shati kikakwaruza chuma. Nilisikia kile kifungo. Nikaandika S.

"Umemaliza?" Mama akauliza jioni, akiwa ameshika orodha mbali na macho.

"Ndiyo."

"S moja, M nne, L tano, XL tatu, na hii ya mwisho moja. Ni kumi na nne. Ni nzuri?"

"Nzuri."

Jumatatu nikaenda mjini. Duka lilikuwa nyuma ya soko, limejaa helmeti, gambuti na kamba za manila mpaka darini. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa papo hapo Nakuru, duka amelirithi kwa baba yake. Kiswahili chake kilikuwa chetu kabisa, na akigombana na wabeba mizigo alikuwa anahamia Kikuyu. Nikamnyooshea karatasi.

"Kumi na nne," akasoma. "S moja?"

Nikatikisa kichwa.

"Hiyo ni ndiyo ama ni hapana?"

"Ndiyo."

"Nani anavaa S kwa kazi ya barabara? Mtoto?"

"Ni mtu mzima."

"Mtu mzima wa S?"

"Ni mdogo."

"Anafanya kazi gani?"

"Anabeba mawe."

Mzee akashusha miwani. "Mungu amsaidie," akasema, akapanda ngazi kutafuta.

Aliporudi na mzigo aliuweka kwenye kaunta lakini hakuuachilia. "Watavaa juu ya nini? Shati ama jaketi?"

"Shati."

"Kazi iko wapi?"

Hapo ndipo ningejiokoa. Mzee yule alikuwa ameuzia watu wa Molo, wa Elburgon, wa Subukia, maisha yake yote. Ningesema Molo tu, neno moja, angerudisha ule mzigo ngazini akaleta mwingine. Lakini nyuma yangu alikuwa ameingia mteja mwenye sauti kubwa, anauliza misumari, na nilihisi kama masikio yake yananingoja mimi. Kusema Molo kungeleta swali lingine, na hilo lingeleta lingine, hadi nifike kwenye habari ya futi.

"Rhonda," nikasema. Haikuwa uongo mzima. Lori lilianzia Rhonda.

"Basi Rhonda ni sawa, kuna joto. Lakini sikiza, msichana. Ikitoka kwa karatasi yake hairudi. Mimi sibadilishi."

Mama alizipokea kama mtu aliyeletewa mtoto. Alizipapasa juu ya karatasi zake za plastiki, akazipanga kitandani, akakataa katakata zifunguliwe. "Zitachafuka. Injinia azikute zikiwa mpya." Akaamua pia niende nao Jumatano, nisome orodha wakati wa kugawa, halafu niwapikie chai na viazi.

Lori lilitoka Rhonda alfajiri. Watu walikuwa na mashati na sweta moja moja, kama kawaida, na kila mmoja alikuwa na mfuko. Sikujiuliza mifuko ni ya nini. Tulipopita Njoro, mifuko ikafunguliwa. Mama mmoja niliyemwandikia M akatoa sweta ya pili, akaivaa juu ya ya kwanza. Kabla ya Elburgon akatoa kabuti la kiume akavaa juu ya zote mbili. Mwanamume wa karibu naye alivaa jaketi mbili na boshori la sufu kichwani. Lori likipanda kilima, watu wananenepa. Nilikaa juu ya reflekta zangu nikiwaangalia wakivimba mmoja baada ya mwingine kama mandazi kwenye mafuta, na nikaanza kuhesabu inchi moyoni. Tulipofika Molo, hakuna hata mmoja ambaye angepita getini kwetu, hata kwa ubavu, hata kwa kusukumwa.

Kulikuwa na ukungu, nyasi zimelowa, na magunia ya viazi yamepangwa kando ya barabara yakingoja malori. Mama akafungua karatasi ya kwanza kwa kucha, taratibu. Nikasoma kwa sauti ambayo ilibidi wasogee waisikie. Yule mama wa M akaivaa juu ya kabuti, akavuta upande wa kulia, akavuta wa kushoto. Zile pande mbili zilibaki zikitazamana kwa mbali kama majirani waliokosana.

"Vuta pumzi," mwingine akamwambia.

"Nimevuta tangu Njoro!"

Wa pili vilevile. Wa tatu mshono ukalia kwapani. Walijaribu kubadilishana, lakini ukiwa na watu wanene kumi na watatu, kubadilishana ni kuzunguka tu. Babu peke yake ndiye iliyomtosha. XXL yake ilikaa juu ya makoti yake yote, imefungwa mpaka chini, amependeza kama bwana harusi.

"Mjukuu amenipima vizuri," akawatangazia. "Asante, mjukuu. Karibu, babu."

Mwenye taulo akapokea yake. Akaiinua juu, akaiangalia mbele, akaiangalia nyuma. Mkono mmoja uliingia ukakwama kwenye kiwiko. Mwishowe aliivaa kwa mbele tu, akajifunga kidevuni.

"Niko tayari," akasema. "Nani ako na uji?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mama hakucheka. Aliniambia nilete daftari, akaangalia zile herufi kana kwamba zikiangaliwa sana zitaongezeka.

"Uliwapima hawa watu?"

Niliangalia viatu vyangu.

"Nakuuliza wewe. Uliwapima?"

Mama akaangalia barabara ya kutoka mjini, akaangalia saa ya mtu wa karibu. Injinia alikuwa afike saa mbili. Ilikuwa saa moja na dakika kumi. Kisha akanirudishia daftari, akafungua vifungo vya koti lake, akalivua, akavua sweta ya kwanza, ya pili, akabaki na blauzi. Akavaa reflekta yake. Ikafunga.

"Vueni," akasema.

"Ati?"

"Vueni makoti. Vueni sweta. Mbaki na mashati."

"Mathe, hapa ni Molo! Unataka kutuua?"

"Mtakufa mkisimama. Shikeni jembe."

Hakuna aliyesogea mpaka walipomwona yeye mwenyewe ameruka ndani ya mtaro na sururu, mikono imejaa vipele vya baridi, na ameanza. Basi wakavua wakitukana baridi kwa lugha zote za Bonde la Ufa. Reflekta zikafunga, zote, moja baada ya nyingine; lile geti lilikuwa limepima sawasawa. Babu alitaka kuvua na yeye, achukue ile S, mwenye taulo achukue yake. Mama akakataa. "Mzee, na hicho kikohozi? Ukilala nitawaambia nini watoto wako? Kaa na koti lako."

Na walivyochimba! Sijawahi kuona watu wakichimba hivyo. Hakukuwa na kuegemea jembe, hakukuwa na hadithi. Aliyesimama dakika moja alitetemeka, akarudi mwenyewe. Mtaro ulikimbia mbele kama unafukuzwa, na moshi ukawa unapanda kutoka migongoni mwao.

Alibaki mwenye taulo. Hata na shati, S haikupanda mabegani. Mama alikuwa anazunguka huku na huku bila kumwangalia, kama mtu anayeepuka kuangalia kidonda chake. Saa mbili kasorobo nikaona gari jeupe likikata kona kule mbali. Nikafanya kitu ambacho mpaka leo sijui nguvu zake zilitoka wapi. Nilimwendea mwenye taulo na kumwambia, "Ingia kwa kalvati."

Akageuka. "Nani ameongea?"

"Ingia kwa kalvati. Mpaka aende."

"Kumbe unaongea! Oyaa, msichana anao—"

"Ingia!"

Akaingia. Ilikuwa kalvati mpya, lile bomba la simenti la kupitisha maji chini ya barabara, na bado haijapitisha hata tone. Alitanguliza kichwa, na gambuti zake zikapotelea ndani.

Injinia alikuwa mtu mfupi, mwenye reflekta safi na helmeti nyeupe. Alisalimu, akatembea kando ya mtaro, akasimama, akarudi nyuma akaangalia tena.

"Hii mmeanza lini?"

"Leo asubuhi, bwana injinia," Mama akasema.

"Leo hii?"

"Saa moja."

Akamwangalia Mama, akawaangalia watu na mashati yao, akafungua karatasi zake. Alianza kuhesabu kwa kalamu. Alipofika mwisho akahesabu tena, na miguu yake, kwa bahati yangu mbaya, ikamfikisha juu ya kalvati.

"Nina kumi na nne hapa. Naona kumi na tatu."

Mama akageuka kuwaangalia watu wake. Hakuwa anajifanya, hakujua. Alihesabu kwa macho, na nikamwona anapofika kwenye lile pengo.

"Atakuwa ameenda kujisaidia," mmoja akasema.

Injinia alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Kutoka kwenye mdomo wa kalvati kulikuwa kunatoka mvuke. Unatoka, unakatika. Unatoka, unakatika, mweupe, kama birika iliyo karibu kuchemka.

"Mama," injinia akasema, "kalvati yenu inapumua."

Hakuna aliyecheka. Injinia akachuchumaa, akagonga simenti kwa kalamu. "Wewe. Toka."

Gambuti zikatokea kwanza, halafu makalio, halafu taulo. Mwenye taulo akasimama, tope mpaka nyusi, na ile S imening'inia kidevuni.

"Hiyo ni nini?"

"Reflekta, boss."

"Ni ya nani?"

"Ni yangu. Imeandikwa kwa daftari."

"Nani alikuficha humo?"

Mwenye taulo akaniangalia. Nilingoja aseme. Alikuwa na haki ya kusema, na mdomo wake nilikuwa naujua.

"Nilikuwa nakagua kama iko straight," akasema.

Injinia akamgeukia Mama, na kalamu ikawa tayari juu ya karatasi. Mama akanyoosha mgongo. "Mimi ndiye nyapara," akasema. "Ikiwa kuna kosa, ni langu. Andika."

Aliisema bila kutetemeka, akiwa na blauzi katika ile baridi, na kalamu ikashuka.

"Si yeye," nikasema.

Wote wakageuka. Watu kumi na watano, injinia akiwa mbele. Kwa kawaida ningekuwa nimeshavuka barabara. "Ni mimi niliandika S. Nilijua haimtoshi. Niliandika makusudi."

"Makusudi kwa nini?"

"Ananichokoza."

Mtu mmoja akakohoa ili kuzuia kicheko. Lakini nilikuwa nimeshafunguka, na maneno ya miaka yalikuwa yamepata mlango. Nikaeleza futi ilivyoanguka. Nikaeleza geti, bega, ubavu, kifungo kilivyokwaruza. Nikaeleza nilivyomdanganya mzee wa duka kwamba kazi ni Rhonda. Nikaeleza hata babu na kiti chake. Wale watu walikuwa wananitazama vinywa wazi. Ndiyo kwanza walikuwa wanajua kwamba Jumapili walipimwa wakienda kuvuta sigara.

Injinia alisikiza mpaka mwisho. "Hilo geti lina upana gani?"

"Inchi kumi na tisa."

"Na nguzo zimesimama wima? Hazijalala?"

"Zimesimama."

Akawaangalia tena, zile reflekta zilizokaa vifuani bila mkunjo. "Zimewatosha," akasema, kama mtu anayejadiliana na nafsi yake. "Kwa mashati." Kisha akaangalia mtaro, na hapo nadhani ndipo alipoelewa kwa nini ulikuwa umefika pale ulipofika. Akakunja karatasi zake. Mama hakupepesa macho.

"Huyu," akasema, akimwonyesha mwenye taulo kwa kalamu, "asikanyage barabara leo. Akae mbali, apike, afanye kazi nyingine. Wengine waendelee. Nitarudi Jumatatu, Mama. Nikukute hapa, na kila mtu amevaa reflekta na sweta yake iko ndani. Nisikute mtu kwa kalvati."

"Ndiyo, bwana injinia."

"Na huyu msichana asipime kitu kingine."

Akapanda gari. Lilipopotea kwenye ukungu, watu wakalipuka. Kila mmoja alitaka kujua aliandikwa nini na kwa nini. Yule mama wa M akaniuliza kama kweli alipita bila kugusa, na nilipomwambia ndiyo alitembea kwa maringo mpaka jioni. Mmoja wa XL akadai geti limepinda. Mwenye taulo alikaa chini karibu na moto wangu, akachukua kisu na kiazi, akaanza kukimenya kama anachonga kinyago, nusu ya kiazi inaenda na maganda.

"Makusudi," akawa anarudia. "S. Makusudi. Mimi na hii mwili yote."

"Unaharibu viazi," nikamwambia.

"Wacha niharibu. Mimi ni mtu wa S, nitakula kidogo."

Niligundua Mama hayupo. Koti lake lilikuwa bado kwenye nyasi. Nikaacha sufuria nikamtafuta, nikamkuta nyuma ya lori, amejiinamia kwenye gurudumu, leso ameishindilia mdomoni, mabega yanatikisika. Nilijua analia. Nilisimama pale nikitafuta neno la kuanzia, na safari hii lilikuwepo, lilikuwa ni samahani, lilikuwa limefika kwenye ulimi.

Akainua uso. Machozi yalikuwepo, ni kweli, yakimtiririka mpaka kidevuni. Akatoa leso mdomoni ili apate hewa.

"Inapumua," akasema kwa sauti nyembamba isiyo yake. "Uu, mama yangu. Kalvati inapumua!" Na akairudisha leso haraka, wafanyakazi wasisikie nyapara wao.

Kisha akaniona vizuri mimi ni nani. Akafuta macho, akanyoosha blauzi, akaweka mikono nyuma.

"Na wewe," akasema, "unacheka nini? Nenda kwa viazi."